Mlango Unajijua

Fundi anayenijengea nyumba Kingolwira hapendi karatasi. "Ya nini, bosi? Mlango unajua kufunguka, tangi linajua kutunza maji. Kila kitu kinajijua."

Kumbe nilimwajiri mrithi wa Dahl na Nygaard, wale wa Norway waliounda lugha ya programu ya Simula miaka ya 1960 na kuwafundisha waandishi wa programu kufikiri kwa vitu: kila kitu kibebe taarifa zake, kijue kazi yake, vingine vikiagize tu.

Na kweli vilijua. Mlango wa jikoni ulifunguka vizuri, mpaka ulipokutana na mnara wa tangi. Tangi likatunza maji kwa uaminifu: lilikaa chini kuliko bomba la bafu, basi yakaendelea kutunzwa.

"Hukuniambia utaoga, bosi."

Hapo ndipo penye utamu. Mahitaji yasiyoandikwa hayashindwi kutimizwa, na fundi hana deni. Wahandisi wa mifumo wana SysML, lugha ya michoro ya vitu iliyotoka rasmi 2007, na humo wametenga mchoro mzima wa mahitaji. Waoga hao, hawajawahi kujenga Kingolwira.

Nimesalimu amri. Juzi niliokota kipande cha mfuko wa saruji, nikaandika kwa mkaa: "Choo kiwe na mlango."

Fundi akasoma, akakunja uso, akapima jua lilipo.

"Ufungwe kwa ndani au kwa nje, bosi? Hapa hujaandika."