Madhehebu Matatu ya Maji

Katika mambo ambayo wanadamu huhitilafiana bila ya kumwaga damu, maji ya kukandia unga yana cheo kikubwa, nami nimejaliwa, au pengine nimeadhibiwa, kuzaliwa katika ukoo wa Mombasa uliotawanyika Marekani katika miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na kila mji umesimamisha madhehebu yake. Shangazi wa Louisville hufuata kikombe. Mama Mdogo wa Columbus hufuata kidole. Ami wa Buffalo hufuata kiganja. Na kwa kuwa mimi sina jiko la kusifiwa, bali nina tumbo lisilo na upendeleo, wamenifanya kadhi wao, nisikilize kwa simu mashitaka ya sima iliyokataa kushikana na mahamri yaliyokataa kuumuka.

Kikombe cha Shangazi kina nasaba tukufu, kwani Fannie Farmer wa Boston, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896, ndiye aliyeeneza kwa Wamarekani ada ya kupima kwa kikombe kilichosawazishwa ukingoni. Lakini kikombe chao huchukua takriban mililita 237, ilhali kile alichokuja nacho Shangazi kichwani huchukua 250, hata katika vikombe vinne hupungua vijiko vitatu vikubwa na ushei, upungufu wa kutosha kumtia mtu mwadilifu dhana mbaya juu ya kiwanda cha unga. Tena katika maduka ya Kentucky unga wa mahindi aghalabu huuzwa ukiwa umekwisha kutiwa chumvi na dawa ya kuumulia, kwa ajili ya mikate yao ya mahindi, naye Shangazi, ambaye hasomi maandishi madogo kwa kuwa aliyeyaandika hajui sima, aliusonga unga huo kwa imani kamili. Sima ikafura, ikatoa povu, ikalegea. Akatia unga ili ikaze. Na kila alipotia unga wa kuiponya, ndivyo alivyoizidishia dawa ile ile iliyoiuguza, mpaka sufuria ikawa ndogo na mwiko ukapokonywa mamlaka.

Columbus ni mji wenye Wasomali wengi, na kwa baraka yao mchele wa basmati haukosekani, wala iliki, wala nyama ya mbuzi. Huko Mama Mdogo huamini kwamba maji yakisimama juu ya mchele kiasi cha pingili ya kwanza ya kidole, faradhi imetimia. Kanuni hiyo ina hekima, ila haiulizi kama mchele umerowekwa, ilhali uliorowekwa umekwisha kunywa fungu lake; wala haiulizi kama tui ni la kopo, lililo zito kwa mafuta, na mchele haunywi mafuta; wala, lililo baya zaidi, haisemi kidole ni cha nani. Binti yake, mwenye kucha za kubandika zenye urefu wa kutisha, alipima kwa uaminifu kuanzia nchani mwa ukucha, nasi tukala bokoboko la nazi huku tukimsifu kwa adabu.

Ami huvidharau vyote viwili. Yeye husema kiganja hakidanganyi, na hakika wakati wa joto hakidanganyi. Lakini Buffalo imekaa kando ya Ziwa Erie, na ziwa hilo hutoa theluji pasipo kuombwa: Novemba 2022, katika kitongoji cha Orchard Park, ilianguka zaidi ya meta mbili. Hapo ndipo ilipo ajabu, kwamba nje maji yamezika magari, na ndani, kwa mashine za joto zisizozimwa usiku wala mchana, hewa imekauka hata unga umepoteza unyevu wake na unakufa kwa kiu. Kiganja cha Ami kilihifadhi maji ya Julai, kikayatoa Januari, na chapati zilizopatikana zingefaa kuezekea banda.

Niliwahukumia, kwa insafu niliyoiweza, kwamba kila mmoja ana haki jikoni mwake, kwa maana kipimo kimo katika unga wenyewe, ambao ukiwa wa ngano laini hunywa kidogo na ukiwa wa ngano ngumu hunywa zaidi, na kimo katika hewa ya nyumba siku hiyo. Basi na wazuie robo ya maji, wakande, waufunike unga nusu saa unywe kwa taratibu zake, kisha waongeze kijiko kimoja kimoja. Kwani maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyozidi ungani huzolewa kwa unga mwingine tu, ambao nao utadai maji, hata chapati za watu wawili ziwe karamu ya mtaa.

Majira ya joto walikutana wote watatu jikoni kwa Mama Mdogo, kwa harusi ya binti yule mwenye kucha, nami nikajiandaa kwa vita. Kumbe unga ulikuwa mmoja, bomba moja, hewa moja. Kikombe kilibaki sandukuni, kidole hakikuchovya popote, na mikono yao ikatoa mahamri ya namna moja, mepesi, yenye tumbo wazi, bila ya yeyote kutaja hesabu. Shangazi, akiona kwamba siri imo katika unga ule, akanunua mifuko kadhaa akarudi nayo Louisville, ambako bonde la mto Ohio huilowesha hewa wakati wa joto hata chumvi hugandamana koponi. Haikupita wiki simu ikalia: unga wa Columbus umeharibika njiani, unatoka maji, na mshitakiwa wa kwanza ni Mama Mdogo.