Gari Linalosaga Meno

Mara ya kwanza gari langu kusaga meno, mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua inamwagika tangu alfajiri, nasi tunashuka kutoka kwenye feri upande wa Likoni. Siku zenyewe zilikuwa za bamvua, maji yamekupwa kabisa. Mkaazi wa ng'ambo hii hana haja ya kuelezwa: maji yakikupwa hivyo feri hukaa chini, mteremko wa saruji husimama kama ngazi, na ile sehemu iliyokuwa baharini asubuhi hubaki imevaa utelezi. Tuktuk iliyotutangulia ilipanda ikiyumba. Zamu yangu ikafika, nikakanyaga mafuta.

"Grrrr-tak-tak-tak-grrrr!"

Sakafu ikatetemeka chini ya mguu wangu. Taa ya manjano ikapepesa kwenye dashbodi. Nguvu zikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbushwa deni katikati ya kicheko.

"Inna lillahi," akasema mama mkwe. Sidhani alikuwa analililia gari. Alikuwa anaililia siku aliyopokea posa yangu.

Hata hivyo tulipanda, pole pole, na kufika juu gari likanyamaza kana kwamba si lenyewe. Njia nzima hadi nyumbani Shika Adabu halikutoa hata mguno. (Ndiyo, mtaa unaitwa hivyo, na wadi nayo inaitwa hivyo. Kila nikitaja ninakoishi, watu hudhani nawagombeza.)

Gari lenyewe ni la mtumba kutoka Japani, kama maelfu mengine yanayoshushwa hapo Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8, kwa hivyo langu lilikuja na miaka 7 na siri zake zote. Kila nikiliwasha, mwanamke aliye ndani ya redio hunisemesha Kijapani kwa adabu kubwa. Nilikaa mwaka mzima nikiamini ananitakia safari njema. Baharia mmoja aliyewahi kukaa Yokohama ndiye aliyenifunulia: analalamika kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara. Kitabu cha maelezo nacho ni Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nilikipekua usiku ule nikaishia kwenye picha ya gari linalofukuzwa na nyoka wawili. Nikakifunga.

Kesho yake msururu wa kuingia feri ulikuwa mrefu, nikawa namsimulia jirani yangu yaliyonipata. Kijana muuza korosho akainama kuchungulia chini ya gari. "Mzee, eksozi yako inacheza. Mpira mmoja umekatika." Nikamwambia auze korosho.

Nikaanza safari ya waganga. Fundi wa Likoni alizungusha magurudumu akasema ni beringi. Tukabadilisha beringi. Siku ya mvua iliyofuata, grrrr! Nikavuka hadi Changamwe, kwa fundi anayefanyia kazi chini ya mwarobaini na ambaye kila dereva wa lori humsifu. Tabu ni kwamba gari bovu ni kama mtoto mwenye homa: ukilifikisha hospitali, joto limeshuka. Tulizunguka naye kwenye lami kavu nusu saa, kimya.

"Basi liigize," akasema.

"Niigize nini?"

"Hiyo sauti. Ilie nisikie."

Nikajikohoza nikalia: grrrr-tak-tak-tak. Fundi akafumba macho. "Rudia, yakhe, lakini pale kwenye tak usiwe na haraka." Nikarudia. Akamwita mwanafunzi wake aje ajifunze. Nikarudia. Mama wa mahamri akaacha karai lake likiungua. Makanga wawili wakasogea, mmoja akapinga kwamba la shemeji yake hulia zaidi kooni, akatoa mfano, na kwa haki kabisa wake ulikuwa bora kuliko wangu. Baraza likaamua ni gea boksi, shilingi 85,000, na bei hiyo ni kwa sababu tumeshakuwa ndugu.

Nikaomba siku mbili za kufikiria. Katika siku hizo mke wangu akanielekeza Kisauni, kwa fundi wa umeme wa magari, kijana mpole mwenye kimashine cha kupimia. Akakichomeka chini ya usukani, akakitazama, akasema hamna kosa lolote. Kisha akaniomba niliegeshe gari ukingoni mwa kiwanja, gurudumu moja la mbele kwenye mchanga na jingine kwenye lami. "Kanyaga, mzee."

Grrrr-tak-tak-tak! Nusura nimkumbatie kwa furaha. Kumbe sikuwa mwendawazimu.

"Huo si ugonjwa," akasema. "Hiyo ni traksheni. Iko kazini."

Akanifafanulia. Kila gurudumu lina kihisio kinachohesabu mizunguko yake. Moja likianza kuzunguka ovyo kuliko mengine, kompyuta inajua limepoteza mshiko. Hapo pampu ya breki za ABS inalibana hilo peke yake, vali zikifunguka na kufungika mara nyingi kwa sekunde, ndiyo hiyo tak-tak, na injini nayo inapunguziwa pumzi. Nguvu iliyokuwa ikipotea kwenye utelezi inahamia kwenye gurudumu lenye mshiko. Nyoka wangu wawili walikuwa alama za tairi. Kumbe hata ule mlio mdogo ninaousikia asubuhi, gari likishatembea mita chache, ni ABS inajipima afya yenyewe. Akanionyesha na kitufe cha kuizimia, maana kwenye mchanga mzito huko kubanwa kunaweza kukukwamisha.

Bosch, Wajerumani, walitoa ABS mwaka 1978, na mwaka 1986 wakaigeuza iwe hii ya kuzuia gurudumu kucheza. Marehemu baba aliendesha Peugeot 404 miaka hiyo. Ile ikiteleza iliteleza kimya kimya, hadi mtaroni, na hakuna aliyepelekwa kwa fundi kuigiza.

Kijana alinitoza shilingi 500. Nikarudi Likoni mwanachuoni. Niliwasomesha majirani, nikamsomesha muuza maji, na hatimaye nikamsomesha mama mkwe.

"Kwa hivyo gari linajifungia breki lenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mafuta linajipunguzia lenyewe?"

"Naam, mama."

"Na wewe, mwanangu, umekaa hapo kufanya nini?"

Wiki ya pili nikawa namvusha kwenda harusini Kisauni. Jua kali, barabara kavu, msururu unasogea hatua kwa hatua. Gari likaanza: kwaruuu, kwaruuu. Mama mkwe akanigeukia. Nikamtuliza kwa mkono, kama daktari. "Ni traksheni, mama. Iko kazini."

Kijana wa korosho akaja mbio, anagonga kioo. "Mzee! Mzee! Eksozi inalima lami!"

Mama mkwe akashusha kioo upande wake, akanunua korosho za shilingi 100, akaanza kutafuna. Kwa sauti.