Kabla Hujapika Data

Kupika data ni kazi nzito kuliko utafiti wenyewe, kwa hiyo anayekusudia kuifanya ajipime kwanza. Jan Hendrik Schön ilimshinda, naye alikuwa mwanafizikia wa Bell Labs, Marekani, ambaye mwaka 2001 jina lake lilitokea, kwa wastani, kwenye makala moja kila siku 8.

Anza na mitetemo. Kipimo halisi hakitoi mstari ulionyooka. Mstari hutetemeka juu na chini, na mitetemo hiyo haijirudii hata ukipima kitu kilekile mara kumi. Basi mpishi wa data inambidi atunge mitetemo mipya kwa kila grafu, na aikumbuke yote aliyokwisha kutunga. Schön aliitumia ileile kwa majaribio tofauti kabisa. Mwaka 2002 wanafizikia wengine walizilinganisha grafu zake, wakakuta zinafanana hadi kwenye vipindo vidogo kabisa.

Kisha andaa data ghafi, maana utaulizwa. Kamati ya uchunguzi chini ya Malcolm Beasley wa Chuo Kikuu cha Stanford ilimuuliza. Akajibu kwamba faili alizifuta kwa kuwa kompyuta haikuwa na nafasi. Madaftari ya maabara hakuwa nayo, na sampuli zilikuwa zimeharibika au zimetupwa. Kati ya tuhuma 24, kamati ilithibitisha 16. Jarida la Science lilifuta makala zake 8, Nature 7, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Konstanz kikamvua udaktari.

Walioandika pamoja naye hawakukutwa na hatia ya kughushi. Hata hivyo, matokeo makubwa kuliko yote karibu hakuna aliyeyashuhudia kwa macho yake, na hilo silipitishi kimya: kabla hujaruhusu jina lako liwekwe juu ya makala, omba kuiona mashine ikipima.

Sharti gumu kupita yote linahusu wanafunzi. Maabara nyingi zilihangaika kurudia majaribio ya Schön, zikashindwa. Kijana wa uzamivu akishindwa kurudia jambo lililochapishwa na Nature, wa kwanza kumshuku ni yeye mwenyewe. Hulala maabara, hubadilisha sampuli, humweleza msimamizi wake kwamba atajaribu tena, na ufadhili unakwisha. Makala ikifutwa, miaka yake hairudi. Anayetaka kupika data aandae jibu la kumpa kijana huyo, na ampe uso kwa uso.