Nyumba Nzima Mafundi

Gari letu lilipoanza kumisi, kila mtu pale nyumbani Tabata alikuwa na jibu. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni mafuta machafu. Jirani, dereva mstaafu wa malori, akasema ni plagi. Mwanetu Nasra wa darasa la sita akasema limechoka kubebeshwa magunia ya pumba. Baba Nasra aliwasikiliza wote, kisha akafungua pochi.

Plagi zikabadilishwa. Gari likaendelea kutetemeka kwenye foleni, taa ya injini imewaka, na kwenye kilima linakohoa. Ikafuata koili ya mtumba kutoka Ilala, halafu pampu ya mafuta, halafu nozeli zote zikang'olewa zikasafishwa. Siku ya kufunga spea mume wangu alirudi anapiga mluzi. Kesho yake alirudi na bodaboda. Gereji ya mwisho ikatoa hukumu: kontroli boksi imekufa. Nilipoisikia bei yake, nikaficha kitabu cha vikoba.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Handeni kutibiwa macho, naye akatoa lake. "Gari zima likafa ghafla hivi? Huo ni mkono wa mtu."

Ndipo mwenzangu wa vikoba akanielekeza kwa fundi umeme mmoja. Akaja kijana mwembamba na mkoba mdogo, akatuamkia, na historia yetu ndefu ya spea akaikata katikati. "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Kwanza tulipime."

Akachomeka kifaa chake chini ya usukani, kikasoma P0203. Hiyo ni hitilafu katika saketi ya nozeli ya silinda ya tatu.

"Basi nozeli imekufa!" Baba Nasra alikwishashika pochi. "Nikanunue?"

"Bado, mzee. Namba hii inataja mtaa, haijataja nyumba. Inaweza kuwa nozeli, soketi, waya au boksi."

Akatueleza, huku Nasra karibu aingie mzimamzima chini ya boneti. Ndani ya nozeli mna koili ya sumaku inayofungua tundu la petroli. Nyaya zake ni mbili. Mmoja huleta volti 12 ukiwasha swichi. Wa pili huenda kwenye boksi, nayo huuunganisha na ethi kwa sehemu chache tu za elfu ya sekunde, petroli ikanyunyizwa, ikaachia. Ukikatika wowote kati ya hizo, silinda inalala.

Akachomoa soketi, akagusisha mita kwenye pini mbili za nozeli: omu 14. Nozeli za aina yetu, alisema, nyingi huwa kati ya 12 na 16. Akapima na wenzake watatu, wakawa palepale. Nozeli nzima. Akawasha swichi, akapima soketi: volti 12 zipo. Kisha akachomeka kitaa kidogo mahali pa nozeli na kuwasha injini. Kwenye soketi ya kwanza kitaa kilikonyeza haraka haraka. Kwenye ya tatu, giza.

"Moto unafika," akasema, "amri ndiyo haifiki."

Sasa boksi ikawa mshukiwa kweli, na Baba Nasra akanitazama kama anayeomba kile kitabu. Kijana akachomoa betri, akafungua soketi ya boksi, akaweka ncha moja ya mita huko na nyingine kwenye soketi ya nozeli. Kimya. Akaanza kuutikisa wayaringi, hatua kwa hatua. Alipofika nyuma ya injini mita ikalia, ikanyamaza, ikalia. Akaichana tepu. Waya ulikuwa umetafunwa, nyuzi za shaba zimekatika, ncha zake zikigusana na kuachana, na pembeni pumba na manyoya.

Panya!

Mume wangu akageukia banda langu la kuku, karibu kabisa na anapolaza gari. "Mama Nasra, umeona mradi wako?" Nikamuuliza pumba zililalaje ndani ya gari wiki nzima, na nani alikuwa na ufunguo. Shemeji akasema yeye aliwahi kuhisi ni panya. Hakuna aliyemjibu.

Fundi akakata palipotafunwa, akaunga kipande cha waya wa unene uleule, akalehemu, akavika mpira wa kubana kwa joto, akaufunga wayaringi mbali na vyuma vya moto. Akafuta ile namba, akawasha. Injini ikatulia. Ujira wake haukufikia hata bei ya ile pampu, ambayo sasa tunajua haikuwa na kosa, wala koili, wala boksi.

Baba Nasra amenunua mita yake. Anapima betri za rimoti, anapima pasi, na shemeji akianza kutoa jibu kuhusu chochote anamwambia, "Umepima?" Siku ya kumsindikiza mama mkwe stendi, tulimwonyesha ule waya uliotafunwa ili naye aridhike kwamba hapakuwa na mkono wa mtu. Akaugeuzageuza kiganjani.

"Nimeona," akasema. "Na huyo panya, nani kamtuma?"

Baba Nasra akaitazama mita yake. Haina sehemu ya kupimia hilo.