Gia Inayokoroga Uji

Ukiishika gia ya otomatiki ikazunguka mkononi kama mwiko kwenye uji mwepesi, usilizomee gari. Jua kwanza linaumwa nini.

Kama mkono wa gia unayumba lakini P, R, N na D zote zinaingia, huenda legevu ni bolti za chini. Fungua kava, kaza, chai yako haijapoa.

Balaa ni pale gia inapoteleza hadi D, wewe ukanyage mafuta, gari likae kama halikuitwa. Hapo kamata bushi: kipete cha plastiki au raba kinachoshikiza ncha ya kebo kwenye mkono wa gia boksi. Ukubwa wake ni kama kifungo cha koti. Joto hukikausha, kikapasuka, kikadondoka. Mwaka 2022 kampuni ya Ford iliyaita gereji magari karibu milioni 2.9 nchini Marekani kwa ajili ya kidude hicho.

Kupima si kazi. Gari likiwa tambarare, vuta handibreki, zuia matairi kwa mawe, zima injini, kisha washa swichi tu. Mwenzio akanyage breki na kusogeza gia; wewe mulika tochi chini ya boneti. Kebo ikienda na mkono wa gia boksi ukabaki, mwizi ndiye huyo. Nenda dukani na bushi kuukuu mfukoni, maana muuza spea haelewi hadithi, anaelewa kuona.

Fundi akitoa waya wa kufungia nondo ili afungie kebo, mpe ya soda, muagane. Nasema hivyo kwa sababu ya jioni moja Mwanza, kwenye mteremko wa Bugando. Gari la jirani, lililokwisha kufungwa waya, liliegeshwa, gia ikasoma P. Lakini P ni jino ndani ya gia boksi, na kebo haikufika kuliangusha. Gari likaanza kutambaa, taratibu, bila sauti. Chini watoto walikuwa wakicheza rede. Jirani alipenyeza mkono dirishani akaiwahi handibreki. Vidole vyake vilitetemeka hadi usiku.

Basi ukiegesha, hata kama bushi ni mpya: breki ya mguu, gia N, handibreki. Achia mguu uone gari limetulia. Ndipo ukanyage breki tena, uipeleke P.