Kuupaka Mkweche Sifa

Gari langu ni namba A. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Akiiona herufi hiyo kwenye kibao cha namba ameshajua umri wa gari, unene wa pochi ya mwenyewe, na mahali litakapoelekezwa kuegeshwa likifika ukumbini kwenye harusi, yaani kule nyuma, karibu na jenereta. Wenye namba D hunitazama kwa huruma. Wenye namba E hawanitazami.

Ni Toyota Starlet ya umbo la mwisho, lile lililotengenezwa kati ya 1996 na 1999, EP91 kwa wanaozungumza kwa misimbo: kigari kifupi kisicho na mkia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kope za mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Injini yake, 4E-FE, ina ujazo wa sentimita mchemraba 1,331 na valvu 16. Uzito wake haufiki tani moja, na katika uzito huo naapa zimo kilo kadhaa za puti alizoziacha fundi rangi wa mmiliki wa zamani. Jina lenyewe maana yake ni nyota ndogo. Mtaani kwetu Kunduchi tunasema mkweche.

Mikweche imesemwa vibaya vya kutosha, hasa na watu waliokwama nyuma yake. Mimi miaka minne sasa naufufua huu wangu nyumbani, chini ya mwembe, Jumamosi kwa Jumamosi, na nimeona dhuluma iliyofanyika. Washairi wamesifu upinde, wamesifu mnazi, wamesifu jahazi. Mkweche, unaobeba mchele, watoto, mgonjwa na mtungi wa gesi kwa safari moja, haujapata hata ubeti.

Kwanza hakuna ngao kama hii dhidi ya michango. Katika jiji hili kamati ya harusi haikuulizi mshahara wako, inaangalia unachoendesha. Mwaka juzi wajumbe wawili walikuja kwangu asubuhi na kadi mkononi. Walikuta miguu yangu tu ikiwa nje, ndala moja imetoka, na mimi mwenyewe chini ya gari nagombana na nati ya egzosi. Nikawasikia wakishauriana kwa sauti ya chini. Nilipojitokeza na oili hadi kwenye nyusi, walinipa pole kama mtu aliyefiwa, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Baadaye nilipata habari kwamba nimeshushwa kutoka kadi ya dabo hadi ya singo, kwa kauli moja ya kikao, bila mimi kufungua mdomo.

Hata wezi huuheshimu mkweche. Wezi wa vifaa vya magari mjini hapa ni watu wa fani: wanataka vioo vya pembeni, wanataka swichi za kushushia madirisha kwa umeme. Ndiyo maana wenye magari mazuri huchonga namba za usajili kwenye kila kioo. Madirisha yangu hushushwa kwa kuzungusha mkono, na upande wa abiria kwa kuzungusha na kusali. Usiku mmoja mwizi aliingia ndani (mlango haukufungwa, kitasa kilikuwa kwenye kopo la mafuta ya taa kikilowekwa), akakaa kidogo, nadhani akatafakari maisha, kisha akaenda zake. Asubuhi nilikuta bisibisi ya nyota juu ya kiti, ya chuma safi. Naitumia mpaka leo.

Na kodi je? Zamani ada ya leseni ya gari ililipwa kila mwaka, utembee usitembee. Gari lililolala juu ya mawe liliendelea kudaiwa kama marehemu mwenye mkopo. Bajeti ya 2017/18 ikaifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Sidhani kama waliopitisha jambo hilo walikuwa wakiniwaza mimi, lakini matokeo yake ni kwamba mkweche umekuwa mlipakodi mwenye haki kuliko wote: hulipa pale tu unapotembea. Mwaka jana serikali ilipata kwangu kitu kidogo sana.

Sasa nije kwenye afya. Watu hulipa fedha kukaa kwenye chumba cha mvuke watokwe jasho. Abiria wangu hupata huduma hiyo bure kwenye foleni ya Mwenge. Siri yake ni hii: hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inayopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Sindano ya joto ikianza kupanda na foleni haisogei, washa hita, feni mwisho, na joto lililokuwa likienda kuua injini litahamia kwenu. Silinda hedi ni ya alumini. Ikichemshwa kupita kiasi inapinda, gasketi inaungua, na hapo unazungumzia fedha za ada ya shule. Kati ya kuoka hedi na kuoka familia, mwenye busara huchagua familia. Siku niliyochagua hivyo ulikuwa mwezi wa pili, saa nane mchana, sote tumevaa sare ya harusi. Mke wangu alivumilia mpaka kituo cha pili, akafuta paji la uso kwa upande wa mtandio ambao haujachafuka, akasema, "Baba watoto, tunakwenda harusini au sisi ndio pilau?"

Kuchemsha kule kulikuwa na historia, nayo niliifukua kama mwanaakiolojia. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameng'oa themostati na kuitupa. Mafundi wengi wa kwetu hufanya hivyo kwa imani kwamba nchi ya joto haihitaji kifaa cha kuzuia maji yasipoe. Injini inabaki baridi asubuhi nzima ikinywa petroli, na tatizo halisi linabaki palepale. Tatizo halisi lilikuwa rejeta. Mmiliki wa kabla yangu aliijaza maji ya kisima, na maji ya visima vya ukanda huu wa pwani mengi yana chumvi. Nilipofungua bomba la chini, kilichotoka mwanzo kilikuwa na rangi ya chai, kisha ya uji wa ulezi, kisha hakikutoka tena. Ilibidi kisaidiwe kwa waya. Nilinunua Gerezani rejeta iliyotumika, themostati mpya, na kulanti ya rangi ya kijani ambayo mwanangu mdogo alidhani ni juisi na ilibidi niifungie kabatini. Sindano sasa hukaa katikati. Familia inaikumbuka hita kama watu wanavyokumbuka vita.

Lakini utukufu wa mkweche uko kwenye kutu, na hapa naomba subira ya msomaji.

Nyumbani kwangu si mbali na ufuo wa Kunduchi. Upepo wa kusi hauleti samaki tu. Huleta chumvi, nayo chumvi ikikutana na unyevu juu ya chuma huifanya haraka kazi ambayo maji na hewa peke yake vingeifanya polepole. Chuma hiki kilichimbwa ardhini kikiwa mawe mekundu. Wakakiyeyusha, wakakinyoosha, wakakipaka rangi, wakakisafirisha kutoka Japani kwa meli. Miaka yote hiyo kilikuwa kikitaka kurudi kijijini kwao, na kutu ndiyo nauli. Ni mfanyakazi wa aina yake: hana Jumapili, hana sikukuu, hadai posho. Huanzia mahali usipopaona, chini ya milango ambako majani ya mwembe yameziba vitundu vya kutolea maji, kwenye matao ya magurudumu, chini ya kapeti. Juu ya rangi unaona vichunusi viwili vitatu tu. Unabonyeza kwa kidole, na kidole kinaingia.

Siku nilipovua kapeti upande wa dereva niliiona ardhi ya Tanzania, sehemu yenye ukubwa wa kisahani cha chai, na juu yake kuku akipita. Nimeendesha hivyo kwa muda gani, sijui. Ninachojua ni kwamba masika zilizotangulia gari langu halikuwahi kutuama maji hata siku moja.

Nikaamua kuziba. Hii ni kazi ya kukata kwanza: unafuata kutu kwa grenda mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, na siku zote tundu hukua maradufu ya ulivyotarajia, kwa maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula na huficha uharibifu kwa unene wake. Nikanunua kipande cha bati la milimita 1, nikakodi mashine ya kuchomelea kwa siku, nikaondoa waya wa betri ili umeme wa kuchomelea usiende kuua alteneta, nikaliangalia mara tatu bomba dogo la petroli linalopita chini. Mpwa wangu nilimweka kando na ndoo ya mchanga. Kazi yake ilikuwa kutazama upande ule mwingine wa bati nisioweza kuuona, akiona moshi aseme. Uniti za LUKU ziliisha katikati ya mshono. Mshono ule mpaka leo una mkunjo pale nilipokwenda kununua nyingine. Baada ya hapo redi oksaidi, kisha sila kwenye maungio yote, nikiisukuma ndani kwa kidole gumba.

Nikiwa katika kusukuma huko akapita mzee jirani yangu, aliyezeeka kwenye kazi ya majahazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akainama na fimbo yake kuchungulia.

"Unatia kalafati," akasema.

Nikamwambia ni sila, inauzwa kwenye tyubu. Akasema ni kalafati. Akauliza nitapaka nini juu yake. Nikataja oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa kuwa ndiyo inayopakwa uvunguni mwa magari mengi hapa (nayo hulinda, ila ikigusa bushi za mpira huzilainisha mpaka zife, jambo nililojifunza kwa gharama ya bushi nne). Akatikisa kichwa. Chombo, alisema, chini kinapakwa deheni, shahamu na chokaa. Juu kinapakwa sifa.

Sifa hiyo ni mafuta ya maini ya papa. Yananuka vibaya sana. Mzee alinieleza kwamba mtu aliyepaka sifa mchana usiku hulala peke yake. Lakini ubao usiopata sifa hukauka, hupasuka, hunywa maji, na hakuna mwenye chombo anayeuacha ubao wake ufike huko kwa sababu ya pua za majirani. Nilibaki nimekaa sakafuni mwa gari na tyubu yangu mkononi, nikifikiria kwamba haya maneno ninayoyaandika kuhusu mkweche huenda ni mafuta ya papa tu, ninayoyapaka kuzuia kitu kisipasuke, labda gari, labda mimi.

Kuna mahali pamoja utani unakoma, napo ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka, na siku ya mteremko mrefu unyevu huo huchemka na pedali huzama kama mguu kwenye tope. Nilimwaga yote, nikabadilisha mpira wa silinda za magurudumu ya nyuma, zile za ngoma, na pedi za mbele, na waya wa breki ya mkono. Vitu hivyo nilinunua vipya na sikupatana bei.

Mwaka 2020 Toyota walilifufua jina la Starlet kwa ajili ya soko la Afrika. Niliposikia nilivimba kichwa kwa siku mbili, mpaka nilipoambiwa kwamba gari lenyewe ni Suzuki Baleno iliyobadilishwa nembo. Sikuueleza mkweche. Umepitia mengi.

Masika ikafika. Sakafu yangu ilikuwa ngumu kama ya benki, imeshonwa, imepakwa, haina hata tobo la sindano. Mvua ilinyesha usiku kucha, na raba za milango, ambazo zilikuwa Jumamosi inayofuata kwenye ratiba, zikafanya zilivyoweza. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta ndala ya mtoto inaelea. Hapo ndipo nilipokumbuka vile vizibo vidogo vya mpira nilivyovikuta chini ya kapeti na kuvitupa nikidhani ni takataka: kiwanda chenyewe kiliacha matundu ya kutolea maji sakafuni, nami nilikuwa nimeyachomelea yote kwa bidii kubwa.

Vijana wa bodaboda walisogea kutoka kijiweni kwao kuja kuangalia. Mke wangu alisimama barazani na mwavuli, hakusema kitu. Mzee naye akapita, akachungulia kama kawaida yake.

"Kila chombo kina ngama," akasema. "Fua maji, mwanangu."

Nikaokota kopo tupu la redi oksaidi, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikaanza kufua.