Syrio Kafa, Syrio Yu Hai: Tutachoka Lini?

Lahaula! Hivi watu hawa wanalala kweli? Pita kijiwe chochote cha Gitega siku ambayo esansi imekosekana. Pikipiki zimepanga foleni kutoka kituo cha mafuta mpaka zimeziba milango ya maduka, madereva wamekaa juu ya matangi makavu, nawe unajisemea moyoni, maskini, leo watoto wao watakula nini. Sogea uwasikilize sasa. Wanabishana juu ya Syrio Forel! Mtu wa kwenye hadithi! Tena si mfalme wala yule malkia wa madragoni. Ni mwalimu wa upanga aliyetokea mara chache tu mwanzoni, akaachwa kasimama na kipande cha mti mkononi, na mpaka leo hakuna ajuaye kilichompata. Mfyuu!

Kwa wale waliojaliwa amani ya kutoyajua haya, niwasimulie upesi. Mwaka 1996 Mmarekani George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi yake ndefu, A Game of Thrones. Ndani yake kuna binti mdogo, Arya Stark, asiyetaka kushona wala kukaa kitini kama watoto wa mabwana. Baba yake kamletea mwalimu kutoka mji wa Braavos, jamaa mwembamba, kipara, pua imetangulia mbele, amfundishe kupigana kwa upanga mwembamba. Siku mambo yanapoharibika, askari watano wanamjia mtoto, na nyuma yao Meryn Trant, mlinzi wa mfalme, kavaa chuma mwili mzima. Syrio hana kitu ila upanga wa mbao wa mazoezi. Anawalaza wale watano, mmoja baada ya mwingine. Kisha Trant anaukata ule mti. Mtoto ameshaambiwa akimbie, na anakimbia. Sisi wasomaji tunakimbia naye, hatugeuki nyuma. Basi.

Basi, na watu wakakataa kuelewa maana ya basi.

Angalieni miaka ilivyokwenda. Kitabu cha tano kilitoka 2011. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, tamthilia ya televisheni ikaanza. Ikavipita vitabu njiani, ikajimalizia yenyewe Mei 2019. Kitabu cha sita, The Winds of Winter, kimesubiriwa mpaka vijana waliokuwa wakikisubiri wana watoto shuleni. Gitega yetu ilitangazwa makao makuu ya kisiasa Desemba 2018, wakati ile tamthilia haijaisha, na watu wameshazoea hata kulalamika kwamba kodi za nyumba zimepanda. Syrio yeye bado kasimama pale pale mlangoni.

Wengi hapa walimjulia kwenye flashi, si kwenye kitabu. Na sisi filamu tumefundishwa kuziangalia kwa njia moja. Tumelelewa na agasobanuye kutoka Kigali, na zile za Kiswahili zilizotafsiriwa Dar es Salaam, msimuliaji anakuelekeza tangu dakika ya kwanza nani wa kumpenda na nani wa kumwogopa. Sheria kubwa kila mtoto anaijua: steringi hauawi. Na nyingine chini yake: usipoiona maiti, mtu hajafa. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Syrio si steringi, jamani! Steringi ni yule binti! Lakini nani atakusikiliza?

Juzi kijana mmoja wa taksi-moto alishuka kwenye kiti chake, akachukua muwa aliokuwa akiutafuna, akausimamisha mbele ya uso kama upanga. Akawachagua wenzake watatu wawe askari. Akawazunguka kwa ncha za vidole, ubavu mbele, kama Mbraavos hasa, akamgusa wa kwanza gotini, wa pili kooni, wa tatu akakimbia mwenyewe. Kisha akauvunja muwa kwa goti, akatupa kipande, akatutazama. “Hapa,” akasema, “ndipo alipobadilisha sura.” Maana nadharia yake, naye hayuko peke yake duniani, ni kwamba Syrio ndiye Jaqen H'ghar, yule mfungwa wa ajabu anayekutana na Arya baadaye njiani, mtu wa kikundi cha wauaji wa Braavos wanaobadilisha nyuso. Braavos na Braavos, wanakwambia. Lisemwalo lipo, wanakwambia. Ukiwauliza mbona Jaqen alitolewa kwenye mashimo ya gereza, na ruhusa ya kuwachukua wafungwa alikuwa ameitoa babake Arya kabla hajakamatwa, wanakutazama kama uliyewaharibia karamu.

Muyinga ndiyo usiseme. Huko, maneno yanakopita na malori ya mpaka wa Kobero, nimekuta kundi linaloapa kwamba Syrio aliokota upanga wa askari mmojawapo aliyelala chini, akammaliza Trant. Akammaliza! Trant huyohuyo tunayemwona baadaye yu mzima, kavaa joho lake jeupe, anampiga msichana mwingine kwa amri ya mfalme! Aka! Wanataka Trant afe mara ngapi?

Nisiwaonee lakini. Warundi tulianza zamani. Ntare Rushatsi, aliyeasisi ufalme wetu, wazee wana masimulizi mawili juu ya asili yake: wapo wasemao alitoka upande wa Buha, wapo wasemao upande wa Rwanda. Jan Vansina aliyakusanya masimulizi yetu miaka ya mwisho ya ukoloni, na mpaka leo wasomi wanayabishania. Hadithi ikiwa na tundu, mwanadamu hapiti bila kutia kidole. Hilo nalielewa, hata nalipenda.

Kinachoniuma ni hiki. Syrio alibaki. Yeye si askari wa nyumba ile, si ndugu wa mtoto, ni mtu wa kulipwa kutoka ng'ambo ya bahari, na mlango ulikuwa wazi kwake pia. Aliwaona wale wa chuma, akautazama mti wake, akabaki ili mtoto apate muda wa kufika chini ya ngazi. Ukisema alikuwa na sura nyingine mfukoni, umemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho. Mimi nasema alikufa pale, na nasema kwa heshima. Arya mwenyewe kwenye tamthilia anajua hivyo. Alibeba jina la Trant moyoni misimu mizima mpaka akamlipa. Mtoto aliyekuwepo anajua, halafu watu wa foleni ya mafuta ndio hawajui!

Niliyasema haya pale pale kijiweni, mbele ya kijana wa muwa. Mama mmoja wa mandazi, ambaye hajaiona filamu hiyo ila ameisikia yote huku anageuza mandazi yake, akanipokea neno. “Kama yuko hai,” akauliza, “mbona hakumtafuta mtoto?”

“Alimtafuta, mama!” kijana wa muwa akaruka. “Ndiye Jaqen, si nimeshasema? Alimsaidia!”

“Akamwona mtoto anamlilia, asimwambie kuwa ni yeye?”

Kimya. Jamaa wakatazamana. Hata yule askari aliyekimbia muwa akaangalia viatu vyake. Nikasema, Alhamdulillahi, leo tumemzika mtu huyu, sasa tuzungumze habari nyingine, hata mpira.

Kijana akameza mate, akajikuna shingo, akasema hilo mwandishi ataliweka wazi kwenye kitabu cha sita.

Kitabu cha sita! Mwenzenu nimekwisha!